Santuri Iliyokaa Ghalani

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msomaji, nakuomba uipime methali hii kwa muziki mmoja wa jazi. Tarehe 29 Agosti 1961, katika mji wa Englewood Cliffs, Marekani, watu watatu walikutana kurekodi: Grant Green kwa gitaa, Wilbur Ware kwa fidla kubwa ya sauti nene iitwayo besi, na Al Harewood kwa ngoma. Kampuni ya Blue Note iliuweka muziki huo ghalani. Green alifariki mwaka 1979. Santuri ilitoka Japani mwaka 1980, na Marekani mwaka 1998 kwa jina la Standards. Mwenyewe hakuiona.

Je, muziki huu ulistahili kufichwa? Nyimbo zake zilitungwa na wengine, nazo zilikwisha kupigwa mara nyingi. Mmojawapo ni “All the Things You Are”, ambao muziki wake ulitungwa na Jerome Kern mwaka 1939. Pengine utasema kuwa Green hakuleta jipya. Mimi sikubali. Wapiga gitaa wengi, wanapokosa piano ya kuwasaidia, hugusa nyuzi kadhaa kwa pamoja ili kuziba pengo. Green hutoa sauti moja baada ya nyingine, kama msemaji atamkaye neno kwa neno, na kila sauti husikika wazi. Anyamazapo, besi ya Ware husikika ikitembea chini yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hata hivyo, kuhakiki si kusifu tu. Njia ya Green ni ile ile toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na sikio lililozoea sauti nyingi kwa pamoja laweza kuchoka. Sikiliza nyimbo mbili, pumzika, kisha urudi.

Nimesahihisha insha nyingi zilizosongwa na maneno makubwa, kwa kuwa waandishi wake waliogopa kuonekana watupu. Green hakuogopa nafasi tupu. Nawe ukipewa habari iliyokwisha kuandikwa na wengi, usikimbilie mapambo. Chagua neno lililo safi, liweke mahali pake, uliache lisikike. Na kazi yako isiposifiwa siku ile, usiihukumu upesi kuwa mbaya: muziki huu ulikaa miaka 19 bila mnunuzi, wala haukuharibika.