Mitto, mittis, mittit
Kuanzia Dongobesh hadi Katesh, Wakatoliki wa Jimbo la Mbulu huulizana kila Jumapili: Misa ni saa ngapi? Neno Misa limetoka katika kitenzi cha Kilatini mitto, "natuma", na kitenzi hicho kinastahili kutazamwa taratibu.

Wanafunzi hukikariri kwa nguzo nne: mitto, mittere, misi, missum. T mbili, kisha s moja, kisha s mbili. Utadhani ni vurugu. Lakini katika missum, t ya shina ilikutana na t ya kiambishi, Kilatini kikaona uzito kuzitamka pamoja, zote zikageuka s. Katika misi, s ya wakati uliopita iliimeza t. Na kwa kuwa irabu iliyotangulia ni ndefu, hatimaye ikabaki s moja. Hakuna fundi aliyekaa akapanga haya. Ni vinywa vya wakulima na askari vilivyolainisha kona hizo, kizazi baada ya kizazi, na kazi yao haina doa.

Matamshi ndiyo yenye mtego. Mzoefu wa Kiswahili atasema mit-TE-re, maana mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mrumi alisema MIT-te-re: silabi ya kati ni fupi, haibebi mkazo. I ya misi huvutwa, ya missum hukatwa. Hapa Mwiraqw wa Mbulu ana faida, kwani lugha yake hutenganisha maneno kwa urefu wa irabu. Tena Kiswahili huweka nafsi mbele, natuma, unatuma, anatuma. Kilatini huipeleka mwisho, na kitenzi cha Kiiraqw nacho hubadilika mwishoni kufuata nafsi.

Maana ya kale ilikuwa kuachilia. Askari wa Roma aliyemaliza utumishi alipewa missio. Waumini walioruhusiwa kwenda zao walitangaziwa missa, na jina la kuagana likawa jina la ibada nzima. Mbulu ilipofanywa jimbo mwaka 1953, padri bado aliadhimisha kwa Kilatini. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) Kiswahili kilishika altare, lakini kitenzi hakikuondoka. Hata Walutheri, ambao ibada yao hawaiiti Misa, hospitali yao ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na misheni kutoka Norwe, na misheni ni tawi la missum ileile.