Mkataba wa Sicomines Darasani

Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa Kongo, IGF, ulitoa ripoti kuhusu Sicomines, kampuni inayochimba shaba na kobalti hapa Kolwezi. Makampuni ya China yana asilimia 68, upande wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, asilimia 32. IGF ilisema miundombinu iliyolipiwa ilifikia dola milioni 822 tu, kati ya bilioni 3 ambazo upande wa China uliahidi kwa kubadilishana na madini. Ubalozi wa China ukaikataa ripoti hiyo. Mwalimu wa chuo anayetaka wanafunzi wajifunze kupima hoja, sioni aanzie wapi pengine.

Milioni 822 peke yake haisemi kitu. Nguvu yake yote inatoka kwenye ile bilioni 3, na hapo ndipo msomaji makini anapouliza: bilioni 3 imetoka wapi? Mwaka 2008 mpango ulikuwa wa dola bilioni 9, sita kati yake za miundombinu. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipinga kwa hofu ya madeni, na mwaka 2009 miundombinu ikapunguzwa hadi bilioni 3. Anayepima kwa ahadi ya 2008 anapata karibu asilimia 14. Anayepima kwa ile ya 2009, asilimia 27. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini anayechagua ya kwanza analazimika kueleza kwamba serikali yenyewe ilitia saini punguzo hilo ikitafuta kusamehewa madeni, na msamaha ikaupata mwaka 2010. Akilinyamazia hilo, insha yake ni hasira iliyovikwa tarakimu.

Machi 2024 mkataba ulirekebishwa: dola bilioni 7 za miundombinu hadi mwaka 2040. Wengi waliishia kwenye tarakimu hiyo. Endelea kusoma: dola milioni 324 za kila mwaka zinategemea bei ya shaba kubaki juu ya dola 8,000 kwa tani, na ikishuka chini ya 5,200 hakuna malipo.

Kazi ninayoipendekeza ni kurasa mbili: ya kwanza iutetee mkataba mpya, ya pili iupinge, za mwandishi mmoja. Mjadala uanze kwa Kiswahili hata kama mkataba ni wa Kifaransa. Alama nyingi zaidi apewe aliyeeleza hoja ya mpinzani hadi mpinzani mwenyewe akakiri kwamba ndivyo anavyosema.

Walimu wa Kolwezi, wapeni wanafunzi mkataba wenyewe, si muhtasari wake.