Ufundi wa Kuchanganya Pumzi

Traimiksi ni mchanganyiko wa oksijeni, heliamu na naitrojeni, unaopumuliwa na mzamiaji anayeshuka kwenye kina ambako hewa ya kawaida haimfai tena. Huchanganywa mtungi kwa mtungi, kwa ajili ya mzamio fulani. Ndani ya mtungi gesi haina rangi wala harufu, kwa hiyo kosa la mchanganyaji halionekani wala halinusiki. Hujulikana kwa kupima tu.

Hewa huharibikia kwenye shinikizo. Juu ya maji mwili hubeba shinikizo la angahewa, takribani bari 1, na kila mita 10 za bahari huongeza bari 1 nyingine. Kwenye mita 60 mzamiaji yuko chini ya bari 7, na kila pumzi anayovuta imebanwa mara saba. Naitrojeni ikibanwa hivyo hulevya kama pombe: mtu hutazama geji, akaisoma, asielewe alichokisoma. Nyambizi ya Marekani iitwayo Squalus ilipozama karibu na pwani ya New Hampshire mwaka 1939, kwenye zaidi ya mita 70, ulevi huo ulikuwa kikwazo kikubwa kwa wazamiaji waliotumia hewa. Katika kazi ya kuiibua walipewa mchanganyiko wa heliamu na oksijeni, nao wakaweza kufanya kazi wakiwa na akili zao. Heliamu hailevyi katika vina hivyo, na wepesi wake hurahisisha kupumua. Ila ni ghali, na huchukua joto upesi mno.

Ulevi hutibika kwa kupanda mita chache. Oksijeni haina huruma hiyo. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kwamba oksijeni yenye shinikizo kubwa huwatia wanyama degedege, na mwaka 1899 James Lorrain Smith akaonyesha kwamba hata shinikizo dogo zaidi, likidumu, huunguza mapafu. Degedege nchi kavu humwacha mtu amechoka. Majini humtoa kifaa mdomoni, akazama. Katika Vita vya Pili vya Dunia Kenneth Donald wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliendesha majaribio mengi ya kupumua oksijeni tupu, na aliyoyakuta yangali yanatisha. Watu walitofautiana sana, na mtu yuleyule alitofautiana na nafsi yake: leo angestahimili muda mrefu, siku nyingine angepatwa mapema mno. Dalili za kutangulia, kama midomo kuchezacheza au masikio kuvuma, mara nyingine hazikuja kabisa.

Ndiyo maana mipaka ya oksijeni hustahili heshima kuliko ukuta unaoonekana. Inayotumiwa sana ni ile ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa. Shinikizo la oksijeni peke yake likiwa bari 1.6, mzamiaji huruhusiwa dakika 45 katika mzamio mmoja, kwa 1.4, dakika 150, kwa 1.3, dakika 180. Anayekaa dakika 30 kwenye 1.3 ametumia sehemu moja ya sita ya haki yake. Akipumua baadaye 1.6 kwa dakika 15 ameongeza theluthi nzima, na sehemu hizo hujumlishwa. Desturi iliyokubalika ni kutovuka 1.4 wakati wa kazi, na kuiachia 1.6 mapumziko ya kupanda, mwili ukiwa umetulia. Hewa hufika 1.4 kwenye mita 56 au 57. Mtu anayeshuka zaidi ya hapo kwa hewa hulewa, na hukaribia degedege kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo mchanganyaji anapoanza hesabu yake. Kwa mita 60 mara nyingi huchaguliwa oksijeni asilimia 18 na heliamu 45, inayobaki ikiwa naitrojeni. Oksijeni itakuwa 1.26 na ulevi utakuwa kama wa hewa kwenye kina kisichofika mita 30. Mtungi mtupu wa bari 200 hutiwa kwanza heliamu bari 90, kisha oksijeni 16, halafu hewa hadi ujae. Valvu hufunguliwa taratibu sana, maana oksijeni ikipita kwa kasi kwenye mafuta au uchafu huwasha moto, na vifaa vyote husafishwa kwa ajili hiyo. Kujaza huupasha mtungi joto, na joto huidanganya geji, kwa hiyo fundi mzuri husubiri upoe. Subira hiyo ni nusu ya ufundi.

Kisha hupima. Kifaa cha oksijeni hurekebishwa kwa hewa safi, gesi hupitishwa humo polepole, na mwenye mtungi husoma tarakimu kwa macho yake mwenyewe. Mkono wa rafiki hautoshi. Kibandiko huandikwa asilimia, tarehe, jina, na kina cha juu kinachoruhusiwa, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka na mwenzake aliye kando majini.

Kwa mita 100 oksijeni hushushwa hadi asilimia 10, na heliamu huweza kufika 70. Mchanganyiko huo ukipumuliwa juu ya maji humzimisha mtu, kwa hiyo mzamiaji huanza kushuka na mtungi mwingine. Wakati wa kupanda hubadilisha tena: asilimia 50 kuanzia mita 21, oksijeni tupu kuanzia mita 6, ili gesi iliyoingia mwilini itoke bila kufanya mapovu kwenye damu. Kila badiliko hufuata utaratibu uleule. Husomwa kina, husomwa kibandiko, mpira hufuatwa kwa vidole kutoka mtungini hadi mdomoni, na mwenzake huthibitisha kwa ishara. Wengi huiacha oksijeni kwa dakika tano baada ya kila dakika 20 au 25, wakapumua gesi iliyo dhaifu, ili kuupumzisha ubongo na mapafu.

Mtungi ukirudi kujazwa, kibandiko cha zamani hubanduliwa kwanza. Usio na kibandiko huhesabiwa kuwa una gesi isiyojulikana, na hauingii majini mpaka upimwe.