Mila Ikiletwa Barazani

Washarika wakisikia kwamba mchungaji anasoma anthropolojia chuo kikuu, huuliza: elimu ya mila za watu inaisaidiaje Injili? Kanisa letu lina mfano wa siku nyingi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumika huko, hasa Old Moshi, hadi 1938, ingawa miaka ya 1920 hadi 1925 hakuwepo. Alijifunza Kichaga, akaketi na wazee, akaandika sheria zao katika kitabu kikubwa, Das Recht der Dschagga, cha mwaka 1926.

Tunakisifu kitabu hicho. Wageni wengi wa wakati ule walidhani Mwafrika hana sheria. Gutmann aliona ukoo, ujirani na rika vikiwashika watu pamoja, akataka usharika nao ujengwe juu ya vifungo hivyo.

Lakini hatuwezi kukisifu tu. Gutmann aliyapenda ya kale hata akayaogopa mapya. Msomaji wake huweza kudhani mila ni jiwe lisilosogea. Sally Falk Moore, Mmarekani aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa mwanaanthropolojia, alianza utafiti kwa Wachaga hao hao mwishoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chake cha 1986, Social Facts and Fabrications, kinafuata sheria zao za mila kutoka 1880 hadi 1980. Kinaonyesha kwamba mila ilikuwa ikibadilika: kahawa iliingia, ardhi ikawa haba, tawala zikapita. Tena ndani ya ukoo mwenye nguvu aliweza kumshinda ndugu aliye dhaifu, na jambo likaitwa mila.

Hapo ndipo kitabu kilipotuchoma. Miaka iliyopita wazee wa ukoo walituletea shauri la mjane aliyeambiwa aondoke katika kihamba cha marehemu mumewe. Tulisema, "Mila ni mila," tukafunga kwa sala. Mama yule alitushukuru, akaondoka kimya. Hatukuuliza mila ile ilianza lini, wala ni nani angefaidika nayo. Yeye mwenyewe hatukumwuliza neno. Tunamdai radhi mpaka leo.

Bwana wetu, katika Mathayo 15, aliwakemea waliotumia mapokeo ya wazee kuwanyima wazazi haki yao. Hakudharau wazee, alikataa jina lao litumike kumwonea mtu. Kwa hiyo tusiiogope elimu hii, wala tusiipokee bila kupima. Gutmann anatufundisha kuwasikiliza wanaosema barazani. Moore anatufanya tumtazame na yule ambaye hakupewa nafasi ya kusema.

Shauri la kihamba litakapoletwa tena usharikani, na mjane apewe kiti, naye aseme kwanza.