Ingia, Ondoka

Saa mbili na dakika nne asubuhi. Chai ya tangawizi bado inafuka pembeni mwa kompyuta na mkataba wa mteja umeshafunguliwa, lakini dada hajaugusa. Kwanza anafungua teminali, lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, anaandika ingia tafsiri:mkataba, kisha anabonyeza Enta. Kwenye skrini hakuna jibu lolote. Ila mwishoni mwa faili lake la muda mstari mmoja umeongezeka:

i 2025-03-11 08:04:10 tafsiri:mkataba

Dada huyu ni mfasiri, anafanyia kazi nyumbani na hulipwa kwa saa. Nimekaa naye kutwa nzima kutazama anavyozihesabu saa hizo.

Kompyuta imeandika 08, naye mdomoni anasema saa mbili. Tofauti hiyo ya saa sita anaivuka bila kusita, kama mtu anavyoruka mfereji wa mbele ya nyumba yake. Herufi ya kwanza nayo ina bahati yake. Muundo huu wa kumbukumbu ulitoka kwa John Wiegley, aliyeutengenezea kihariri cha Emacs, na i na o ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza ya kuingia na kutoka. Dada anazisoma ingia na ondoka, na hakuna herufi hata moja inayohitaji kubadilishwa.

Amri ya ingia aliitunga mwenyewe. Ni mstari mmoja tu katika mipangilio ya kompyuta yake: chukua tarehe na saa ya sasa, tanguliza i, malizia kwa jina la kazi, sukuma yote mwishoni mwa faili. Kusukuma huko hufanywa na alama ya > iliyoandikwa mara mbili. Ingeandikwa mara moja, mstari mpya ungefuta kumbukumbu zote za nyuma. Ananionyesha mahali hapo kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama fundi cherehani anayeonyesha sindano inapopita.

Saa tatu na nusu na ushei simu inaita. Ni mama yake. Kabla ya kupokea, vidole vimeshaandika ondoka.

"Dada, dakika mbili tatu za simu nazo unazitoa?"

"Mteja ananilipia nikiwa kwenye mkataba wake, mdogo wangu. Hapa nipo kwa mama."

Baada ya simu anataka kujua amefikia wapi. Mwenye kujumlisha ni hledger, programu aliyoianzisha Simon Michael mwaka 2007. Inasoma faili, inaoanisha kila i na o yake, inatoa jumla. Dada anaandika hledger -f muda.timeclock balance -p today, na jibu linakuja: 1.46h. Mgeni angesoma saa moja na dakika arobaini na sita. Yeye anazidisha 0.46 kwa 60 kichwani: dakika ishirini na nane hivi; pamoja na ile saa moja, ndio muda wa tangu saa mbili na dakika nne hadi simu ilipoita. Anatikisa kichwa kukubali, anaandika tena ingia.

Kazi inaendelea hadi hodi ya jirani. Mazungumzo ya kibarazani yanakuwa marefu, na safari hii alisahau kuandika ondoka. Hapa ndipo nilipomwona fundi hasa. Programu haitamsaidia, kwa kuwa mstari wa i usiofungwa huhesabiwa hadi dakika hii iliyopo. Hakisii. Anaandika ls -l kuona faili la tafsiri lilihifadhiwa mara ya mwisho lini: 11:22. Anafungua faili la muda kwa kihariri kidogo cha nano, anashuka hadi chini, anaandika kwa mkono herufi kwa herufi: o 2025-03-11 11:22:00. Huenda alifasiri sentensi mbili zaidi baada ya kuhifadhi. Hizo hazina ushahidi, basi anazisamehe. Anahesabu tarakimu za saa, anahakikisha nafasi kati ya tarehe na saa ni moja, ndipo anahifadhi.

Naliheshimu sana faili hili kwa sababu halimfichi mtu kitu. Ni maandishi matupu; umeme ukikatika, mistari iliyokwisha kuandikwa inabaki, na kihariri chochote kitaifungua. Hata kazi inayovuka saa sita usiku ina mahali pake: hledger huigawa, sehemu kwa siku iliyokwisha na sehemu kwa siku mpya. Wazee wa Pwani, ambao kwao siku mpya huingia na magharibi, wangeikata kwingine, lakini ukataji wenyewe wangeuelewa.

Mchana unapita hivyo: ingia, kimya kirefu cha kibodi, ondoka. Jioni anaandika ondoka ya mwisho, na mstari wake unaingia kwenye faili:

o 2025-03-11 17:48:05

Kisha tail, inayotoa mistari kumi ya mwisho. Kidole chake kinashuka kwenye skrini jozi kwa jozi. Leo mistari kumi imetosha siku nzima, i tano na o tano, na wa juu kabisa ni ule wa saa mbili na dakika nne. Anaurudia mstari wa 11:22 mara ya pili, midomo ikitembea bila sauti, kisha anafunika kompyuta.