Felti ya Dirisha la Land Rover

Katika Land Rover za Series II na Series III, zilizoundwa Solihull, Uingereza, kuanzia mwaka 1958 hadi 1985, dirisha la mlango wa mbele halipandishwi wala kushushwa kwa mpini wa kuzungusha, bali lina vioo vinavyopishana na kusukumwa kwa vidole. Vioo hivyo huteleza ndani ya reli, yaani mfereji mwembamba wa bati lililokunjwa pande tatu, na reli hiyo hutandikwa felti, kitambaa kisichofumwa ambacho nyuzi zake hushindiliwa kwa joto, unyevu na mgandamizo mpaka zikashikamana. Felti hukishika kioo kisigonge bati gari lipitapo kwenye makorongo, na wakati huohuo hukiachia kiteleze. Tena iliwekwa ili ichakae yenyewe, kioo na chuma vibaki salama.

Kwa hiyo fundi anayebadilisha felti hutimiza jambo ambalo waundaji walilitarajia tangu mwanzo, na ajabu ni kwamba wenye magari wengi huiahirisha kazi hii mpaka mlango wenyewe uoze. Nyuzi zikishalika, vumbi na chembe za mchanga hujikita mahali pake, na kila kioo kinaposukumwa hukwaruzwa, ndiyo maana vioo vikuukuu vya magari haya huwa na mistari myembamba ya mlalo isiyofutika kwa kitambaa chochote. Felti iliyobaki hunyonya maji kama sifongo na kuyashikilia dhidi ya bati. Kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, reli huvimba kwa ndani na kukibana kioo kisisogee. Madhara hayaishii hapo, kwani bodi ya gari hili ni ya alumini, iliyochaguliwa wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ilhali fremu za milango ni za chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, chumvi ya hewani huharakisha uharibifu huo.

Ustadi hudhihirika kabla felti mpya haijaguswa. Sehemu ya juu ya mlango hufunguliwa nati zake na kulazwa mezani juu ya blanketi, kisha skrubu zinazoshikilia reli hulowekwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa usiku kucha, kwa sababu skrubu ikikatikia ndani, kazi ya bisibisi hugeuka kazi ya keekee. Fundi makini haitupi reli ya zamani hata ikiwa imebaki vipande, maana ndiyo ramani yake: huonyesha urefu halisi, mkato wa pembeni na, muhimu kuliko vyote, mahali yalipokuwa matundu ya kutolea maji. Fremu husuguliwa kwa msasa mpaka chuma kitupu kionekane, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu na kuachwa ikauke kabisa. Reli mpya hukatwa ikiwa ndefu kidogo kuliko kipimo, kisha hupunguzwa taratibu kwa tupa, na makali yaliyoachwa na msumeno huondolewa yote, kwani ncha moja ya bati yatosha kukichora kioo kipya siku ya kwanza. Reli ya chini hutobolewa matundu yanayolingana sawasawa na yale ya fremu.

Matundu hayo ndiyo kipimo cha uelewa wa fundi. Mlango wa aina hii haukukusudiwa kuyazuia maji yote yasiingie, bali kuyapokea na kuyatoa, na anayejaza gundi ya silikoni kila penye upenyo huku akidhani anaziba uvujaji huwa amejenga birika ndani ya fremu. Grisi nayo haifai, ingawa hukifanya kioo kiteleze vizuri kwa siku chache, kwa kuwa hunasa vumbi na kulifanya msasa wa kudumu.

Penye uhaba wa vipuri, mafundi wa gereji hukata vipande vya zulia na kuvibandika relini. Si haki kuwadharau, maana kioo huacha kugonga na mwenye gari huondoka ameridhika; ila zulia nene hukibana kioo, hukawia kukauka, na mara nyingi hubandikwa juu ya matundu yenyewe. Anayelazimika kulitumia na alipunguze unene, akate nafasi palipo na kila tundu, kisha amimine kikombe cha maji relini na kuhakikisha yanatokea upande wa nje wa mlango kabla ya kufunga skrubu ya mwisho.