Dizeli ya Kivu haikupita kwenye reli

Wenzangu, wengi mumeona picha za maketi ya treni ambayo mmoja wetu, injinia wa promosheni ya juzijuzi, amejenga kwenye sebule ya wazazi wake huko Kadutu. Picha zimezunguka kwenye simu wiki nzima na komenti ni zilezile: "Mukubwa, unaweza!", "Félicitations!" Mimi nilienda kuiangalia kwa macho, nikakaa nayo karibu saa mbili. Ninaona inastahili kusomwa, si kupongezwa tu.

Meza ina urefu wa mita 4, na kila kitu kimepunguzwa mara 50. Upande wa kusini kuna Ziwa Tanganyika na bandari ya Kalundu, pembeni ya Uvira. Katikati ni bonde la Ruzizi. Kaskazini kuna mlima wa polistireni, na juu ya mlima iko Bukavu. Reli inatoka bandarini inapanda mpaka mjini, na juu yake inatembea dizeli ya njano yenye pua ya mviringo. Kibao cha stesheni kimeandikwa: Bukavu 1962.

Nianze na Kalundu, juu hapo mikono yake iko bora kabisa. Maji ni vanishi iliyopakwa tabaka kwa tabaka mpaka unaona kina. Winchi ametengeneza na sipoki za baiskeli. Magunia ya pamba, kila moja kama punje ya haragi, amejaza mchanga ili yalale kwa uzito kama gunia la kweli. Pembeni kuna lokomotiva ya mvuke ya mabati ya sardini, imesukumwa kwenye reli ya kando, na kutu amepaka kidogo tu, pale ambapo maji yangetuama. Mtu anayejua kupaka kutu kwa kiasi anajua kuangalia.

Halafu unafuata reli kuelekea kaskazini, na hapo ndipo shida yangu inaanza.

Reli ile ilikuwepo kweli. Iliitwa CEFAKI, Chemin de fer du Kivu. Wabelgiji waliijenga kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ikaanza kazi mwaka 1931, na haikufika hata kilomita 100: ilitoka Kalundu, ikaishia Kamanyola. Bukavu haikufika siku hata moja. Mwaka 1958 ikafungwa. Kwa hiyo mwaka wa kibao chake, 1962, hapakuwa na treni bondeni, wacha mjini.

Atasema, na aliniambia: "Yaya, hii ni sanaa, si kitabu cha historia." Sawa. Bodys Isek Kingelez, mkongomani mwenzetu aliyefariki 2015, alijenga kwa kartoni na karatasi miji ambayo haikuwepo popote, na mwaka 2018 MoMA ya New York ikamfanyia maonyesho makubwa. Lakini Kingelez hakumdanganya mtu. Mji wake mmoja wa 1996 aliuita Ville Fantôme, mji wa mzuka. Jina lenyewe linakuambia uko ndani ya ndoto. Kibao cha Bukavu 1962 kinakuambia uko ndani ya kumbukumbu. Nilipokuwa pale, kijana mmoja wa sekondari aliuliza: "Kumbe treni ilifikaka hapa? Nani aliiondoa?" Swali zuri, lakini halina jibu, kwa sababu hakuna aliyeondoa kitu. Na sisi hapa tuko wepesi kutafuta mwizi wa mali ambayo hatukuwa nayo, tukiacha ile iliyoibiwa kweli.

Sasa mlima. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770. Tofauti ni mita 690 hivi, na sehemu kubwa unaipanda baada ya Kamanyola, kwenye Ngomo. Yeyote aliyepita Ngomo na lori wakati wa mvua hahitaji maelezo. Kwa kipimo chake cha mara 50, tofauti ile ingekuwa karibu mita 14, nyumba ya ghorofa nne. Yeye amejenga sentimita 40. Ukirudisha kwa ukubwa wa kweli ni mita 20, kilima cha kwenda kuteka maji.

Ninajua, kila mjenzi wa maketi hukata vipimo, sebule si Kivu. Kufupisha urefu wa bonde hakumdhuru mtu: bonde fupi bado ni bonde. Lakini mlima ule ndio maana ya hadithi yote. Treni ya kawaida inachoka ikipanda zaidi ya mita 25 au 30 kwa kila kilomita. Yake inapanda sentimita 40 ndani ya mita 2, yaani mita 200 kwa kilomita, na inafaulu kwa sababu amevalisha magurudumu mpira wa ndani wa baiskeli. Kizuizi kimeondolewa, na mtazamaji hajui kilikuwepo.

Dizeli nayo ina asili yake. Pua ile ya mviringo ni ya Marekani, ya mashine kama FT ambayo General Motors ilitoa mwaka 1939. Wajenzi wa maketi wa kule wanapenda sana miaka hiyo kwa sababu mvuke na dizeli vilitembea pamoja, na mtu anaweza kuweka vyote viwili kwenye meza moja bila kudanganya. Kwao ni historia ya familia. Amewaazima pua, na pamoja na pua ameazima hamu ambayo si yetu.

Juu dizeli yetu ilikuwa ya lori. Mzigo uliotoka Dar es Salaam ulipanda treni mpaka Kigoma, ukavuka ziwa kwa meli mpaka Kalundu, ukapanda treni tena mpaka Kamanyola, halafu ukapakiwa kwenye lori. Mara tatu kushusha na kupakia, kwa migongo ya watu. Baada ya 1958 lori likachukua na bonde. Kwenye maketi hakuna lori hata moja. Na kwenye Bukavu yake ndogo hakuna hata mama mmoja mwenye kamba kwenye paji la uso na mzigo mgongoni, wakati ukitoka nje ya nyumba ile hutembei mita 50 bila kupishana naye.

Nilimwambia akate reli pale Kamanyola. Alinijibu kwamba mlima ni miezi minne ya kazi na hatagusa. Namwelewa. Basi aache mlima, ang'oe reli tu, mita 2 za mwisho, aweke barabara ya udongo mwekundu na malori matatu, moja limekwama. Mabati ya sardini yamebaki kwenye kartoni chini ya meza, niliyaona.